Oili ya transfa inapungua bila kudondoka chini

SWALI: Shikamoo mzee wetu wa safu ya magari. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Nachingwea, na nina Land Cruiser mkonga la mwaka 1996, injini 1HZ, ninalobebea magunia kutoka mashamba ya upande wa Liwale. Mara mbili mwaka huu fundi amefungua transfa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, akakuta oili imepungua sana, akaongeza, ilhali chini ya gari hakuna hata tone. Januari tulivuka kijito kilichofurika na maji yakafika juu ya habu. Sasa nataka kumwaga oili yote niweke mpya. Nitumie oili gani, kiasi gani, na hiyo inayopotea inakwenda wapi?
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ukimwaga oili kabla hujalijibu utakuwa umepoteza ushahidi. Transfa ya gari lako imefungwa nyuma ya giaboksi, na kati ya hizo mbili ipo sili inayozuia oili ya upande mmoja isihamie upande wa pili. Sili hiyo ikichakaa, oili huhama kimyakimya ndani kwa ndani: mara nyingine giaboksi hukauka na transfa ikajaa kupita kiasi, mara nyingine huwa kinyume chake, kama ninavyohisi kwako. Kwa hiyo, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imezimwa, fungua kwanza nati ya kujazia ya giaboksi, ile ya ubavuni. Kwa kawaida oili huwa sawasawa na ukingo wa chini wa tundu, unaigusa kwa ncha ya kidole. Ikikumwagikia mkononi mara tu unapolegeza nati, basi umeipata oili yako, na kila chupa aliyoongeza fundi imeishia humo.

Jambo hili si dogo. Giaboksi iliyojaa kupita kiasi hupata joto, oili ikatoa povu, na hatimaye hupenya mbele hadi kwenye klachi, ambayo huanza kuteleza ukiwa na mzigo mlimani. Wengi hununua klachi mpya hali ugonjwa ulikuwa ni sili. Kuibadilisha kunahitaji transfa ishushwe, kazi ambayo ningependa uifanye baada ya msimu kwa fundi unayemwamini; kwa sasa mwaga oili ya pande zote mbili, jaza upya, kisha pima zote mbili kila wiki.

Nakuja kwenye kazi yenyewe. Endesha kilomita chache ili oili ipate moto na uchafu usibaki umelala chini, weka vigingi kwenye magurudumu, kisha sugua kwa brashi mahali penye nati zote mbili, maana udongo wetu mwekundu ukiingia ndani unasaga beringi. Spana yake ni namba 24. Tafadhali fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Nimeona gari lililomwagwa oili yote, ndipo mwenyewe akagundua kwamba nati ya juu imeshikana kwa kutu na hana tena namna ya kujaza, naye yuko porini.

Oili inaposhuka, ipokee kwenye beseni safi uitazame juani. Ikiwa nyeusi, ni uzee tu. Ikifanana na chai ya maziwa, ni maji ya kile kijito. Tope laini la kijivu kwenye nati ni la kawaida, lakini ukilisugua kati ya vidole ukahisi vipande vinavyochoma, hivyo ni vya jino la gia au beringi, na hapo usifunge kabla fundi hajachunguza.

Maji hayo huingiaje? Transfa iliyopata moto ikizama ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta. Kipumulio, yaani kijibomba cha kupitishia hewa, kikiwa kizima huvuta hewa; kikiwa kimezibwa na tope, maji huvutwa kupitia kwenye sili. Kifuatilie kipumulio hicho, kisafishe, na hakikisha mpira wake umepanda juu na haukukatika.

Oili inayotakiwa ni ya gia, 75W-90, au SAE 90 ambayo kwa joto letu la Lindi inafaa kabisa. Usiweke ya injini. Kwenye transfa itaingia lita mbili hivi, lakini usiamini chupa, amini tundu: jaza kwa pampu ya mkono mpaka oili ianze kuchuruzika, iache itulie, kisha funga kwa washa mpya bila kukaza kwa nguvu zote. Usiseme kwamba foo-wili huitumii mara nyingi. Hata ukiwa katika magurudumu mawili, nguvu yote ya injini inapita kwenye gia za transfa hiyo. Mimi hubadilisha kila kilomita 40,000, na baada ya kuvuka maji mengi huwa sisubiri hesabu hiyo.

SWALI: Mimi nina Land Rover 110 ya dizeli, ya zamani, hapa Newala. Je, nayo ina tatizo kama hilo?
Msomaji, Newala

JIBU: Inalo, tena kwako ni rahisi kuligundua. Ikiwa giaboksi yako ni LT77, yenyewe hutumia oili nyekundu ya gia otomatiki, ilhali transfa ya LT230 hutumia oili nzito ya gia, EP90. Ukimwaga transfa ukaona wekundu, sili ya katikati imekwisha. Ukiona unyevu mbele ya transfa, kwenye ncha ya shafti ya katikati, shuku ringi za mpira za shafti hiyo. Na usizichanganye oili hizo mbili kwa kuwa tu dukani imebaki moja. Ni afadhali gari lilale siku moja likisubiri oili yake.