Zawadi za Krismasi kwa watoto bila kujaza nyumba

Dada, umesema mna vyumba viwili, watoto wa miaka 6 na 9, na kila Krismasi mashangazi na wajomba wanaleta magari ya plastiki na midoli ambayo Januari imeshavunjika na kusukumwa uvunguni. Kwetu hali ilikuwa hiyohiyo, na dawa kubwa ilikuwa kuwahi kusema. Mjomba anapita Kariakoo tarehe 23, hajui mtoto anapenda nini, basi anabeba kinachong'aa. Siku hizi mke wangu anaandika kwenye kundi la WhatsApp la familia tangu Novemba: huyu anataka penseli za rangi, yule anaomba mpira. Hakuna aliyenuna. Wengi wanashukuru kupunguziwa kazi ya kubahatisha.

Watakuambia ununue vifaa vya shule kwa kuwa Januari imekaribia. Nunua, lakini usiviite zawadi. Daftari na sare ni wajibu wetu wazazi, na mtoto anaijua tofauti hata asiposema. Labda begi alilolichagua mwenyewe dukani, hilo sawa.

Zawadi iliyowagusa wanangu kuliko zote ni kuku. Sisi Desemba tunapanda Moshi kwa bibi yao, na bibi alimpa kila mtoto mtetea wake, akae palepale kihambani, shamba la nyumbani kwake. Wakawapa majina, wakajifunza kumwaga pumba na kubadilisha maji asubuhi. Tuliporudi Dar simu zikaanza: bibi, ametaga? Anaatamia? Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, basi binti yangu akatia alama kwenye kalenda ya ukutani na kufuta siku moja moja kila jioni kabla ya kulala. Kuna vifaranga waliochukuliwa na mwewe, akalia kweli, na bibi akamweleza kwa simu jinsi ya kuwafunika kwa tenga. Jogoo wa kwanza alipouzwa, hela ikaenda kwenye akaunti yake ya mtoto benki. Ndani kwetu hakikuongezeka kitu hata kimoja. Kama kwenu hakuna wa kumtunza kuku, mche wa mparachichi uliopandikizwa unafaa pia, ila mtoto aupande kwa mikono yake.

Kama hamsafiri, wapeni safari. Treni ya SGR, reli ya kisasa, kutoka Dar kwenda Morogoro, ambayo imekuwa ikibeba abiria tangu Juni 2024, haifikishi saa mbili, mnashinda huko mkiangalia milima ya Uluguru, jioni mnarudi. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu nauli. Kateni tiketi mapema, maana mwisho wa Desemba zinagombaniwa.

Vitabu vya hadithi vya Kiswahili navyo havichukui nafasi. Vya wachapishaji Mkuki na Nyota vipo vyembamba vyenye picha nzuri, na mkimaliza mnabadilishana na majirani.

Kuhusu huyo wa miaka 9 anayependa mpira: mmoja wa kushonwa unashinda mitatu ya plastiki. Umri wake ni saizi namba 4, mdogo wake namba 3. Muombe mjomba anunue na pampu na sindano yake, kwa sababu mpira ukiisha upepo bila pampu nao utaishia uvunguni.