Meza ya Pipi Ukumbini: Ushauri kwa Kamati za Harusi

Ukiwa kwenye kamati ya harusi na mmekubaliana kuwe na meza ya pipi, jambo la kwanza la kuamua ni saa ya kuifungua. Rangi na maua mpambaji atayamaliza. Saa ndiyo inayosahaulika. Meza ikiwa wazi tangu saa 12 jioni, wageni wanaingia na maharusi bado wako kwenye picha, watoto wataimaliza kabla ndafu haijakatwa.

Nimesimamia meza hizi kwenye harusi za ndugu na jamaa, Moshi na Arusha, na msimamo wangu haujabadilika: funikeni meza kwa kitambaa cha neti hadi watu wamalize kula. Ongeeni na MC mapema aiingize kwenye ratiba, aite meza moja moja kama anavyoita kwenye chakula. Nyuma wakae mabinti wawili wenye glavu na vijiko, wawagawie wageni. Mgeni akijichotea mwenyewe hujaza mfuko, na wa meza za nyuma wanakosa. Hilo linaumiza, kwa sababu na wao walichanga.

Kwa mgeni mmoja gramu 80 zinatosha, maana ameshashiba pilau na nyama. Wageni 250 ni kilo 20. Hesabuni vichwa, si kadi. Kadi ya dabo ni watu wawili.

Nusu ya hizo kilo iwe vitu vya kwetu. Kashata za karanga na za nazi, visheti, halua, ubuyu. Mzee asiyegusa pipi za rangi utamwona anaomba kashata ya pili. Visheti vikifungwa vizuri vinakaa siku kadhaa, kwa hiyo vinaweza kupikwa mapema wiki ya harusi. Kaimati ziacheni, zinataka kuliwa siku hiyo hiyo na shira yake inachuruzika kila mahali. Halua ikatwe vipande vidogo, kila kimoja kichomwe kijiti cha meno.

Ubuyu unapendwa sana, ila ile rangi nyekundu ni adui wa gauni. Mtu akiula kisha akamkumbatia bibi harusi, alama za vidole zinabaki mgongoni kwenye kitambaa cheupe, na maji hayazitoi pale pale. Ufungeni kwenye vipakiti vidogo vya kwenda navyo nyumbani.

Chokoleti inategemea mji na mwezi. Inaanza kulainika joto likifika nyuzi 30 hivi, na Moshi mwezi wa pili, ukumbi umejaa watu na taa zinawaka, mtafika hapo bila shida. Arusha iko juu zaidi, na mwezi wa saba jioni ina baridi, kule chokoleti inakaa vizuri.

Mitungi ya kioo ni mikubwa kuliko mnavyodhani. Pindueni glasi ndani yake, kisha mwageni pipi juu na pembeni. Mtungi unaonekana umejaa na mmeokoa pipi nyingi. Bisi ziwekwe mwisho kabisa, zikipigwa na unyevu hazina ladha tena.

Vifungashio viwe vya karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na ya karatasi inapokea vizuri mhuri wenye majina ya maharusi.

Hili naomba mlizingatie sana: watoto wa chini ya miaka 4 wasipewe karanga nzima wala pipi ngumu za mviringo. Zinaweza kuwapalia wakashindwa kupumua, na kwa kelele za muziki mzazi anaweza asisikie. Wale mabinti waambiwe hivyo mapema, na wawe na bakuli lao la biskuti laini kwa ajili ya wadogo.

Kama sherehe ni ya bustanini, kila mguu wa meza uingie kwenye kopo lenye maji kidogo, sisimizi wasipande.