Vitonge vya vumbi la mkaa vinapasuka na kutoa moshi: kosa liko wapi?

Swali: Nachanganya vumbi la mkaa linalobaki chini ya magunia na udongo wa mfinyanzi, nafinyanga vitonge na kuvianika juani siku mbili. Vingi vinapasuka. Vilivyosalia vinatoa moshi, na jiko linajaa majivu kabla chakula hakijaiva. Nakosea wapi?

Jibu: Kosa kubwa ni udongo. Unashika vizuri lakini hauungui. Karibu wote unageuka majivu, nayo yanaziba hewa. Isitoshe, vumbi la chini ya gunia huja na mchanga wake. Lichekeche kwa wavu wa milimita 3, chenga uzitwange. Kisha tia konzi ya vumbi kavu katika glasi ya maji: mkaa mwingi utaelea kwanza, mchanga utazama papo hapo. Tabaka la chini likiwa nene, tafuta vumbi jingine.

Gundi iwe wanga. Kwa kilo 10 za vumbi kavu, pima gramu 500 za unga wa muhogo. Uvuruge katika lita 1 ya maji baridi usifanye madonge, halafu umimine kwenye lita 4 zinazochemka, ukikoroga mpaka uji uwe mzito na ung'ae. Unga mbichi haushiki, lazima uive. Tia uji kidogo kidogo, huenda usiumalize. Bana konzi moja: ikishikana bila kuchuruzika maji, imetosha. Kuzidisha unga (wengi hudhani ndio uimara) huleta moshi na ukungu.

Usifinyange kwa kiganja tu. Shindilia ndani ya kipande cha bomba, na uache tundu la upana wa kidole katikati ili hewa ipite.

Mipasuko inatokana na jua kali: ganda la nje linasinyaa kiini kikiwa bado kimelowa. Siku ya kwanza anika kivulini penye upepo, ndipo uvitoe juani siku 3 hadi 5, ukivigeuza. Vunja kimoja; kiini kikiwa cheusi zaidi na baridi, bado. Vikikauka kabisa na moshi ukaendelea, chambua vumbi: vipande vya kahawia ni kuni ambazo hazijaiva kuwa mkaa.

Hata visipotoa moshi, pikia nje au penye madirisha wazi, wala usilale na jiko ndani. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu.