Waulizeni vijana kabla ya kuwapa majembe

Mara ya kwanza tulipojaribu kulifufua bwawa la mtaani kwetu hapa Tanga, tuliitisha msaragambo siku ya Jumamosi, tukawagawia vijana majembe, reki na makoleo, na kufikia adhuhuri kingo zilikuwa peupe kabisa: matete yamefyekwa, yungiyungi yamenyofolewa, taka zimerundikwa zikisubiri gari. Tulirudi nyumbani tumeridhika. Masika yalipoanza, mvua iliuporomosha bwawani udongo ule tuliouacha wazi, na jioni mbu wakawa wengi kuliko awali, kwa kuwa tulikuwa tumeharibu maficho ya vyura na samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Kazi yenyewe tuliikosea, lakini kosa lililotangulia lilikuwa kuwaita vijana kama vibarua wa bure baada ya watu wazima kukwisha kuamua kila kitu.

Wiki chache baadaye, kijana mmoja ambaye nilizoea kumwona akivua kambare pale kwa ndoano aliniamkia, kisha akasema kwa upole, "Mjomba, mngetuuliza." Alichukua fito, akaichomeka kwenye matope karibu na mahali mfereji wa barabarani unapoingilia, ikazama hadi kiwiko chake kikagusa maji. Tukazunguka upande wa pili, na huko fito ile ile ilizama kiasi cha shubiri moja tu. Ndipo nilipoelewa kwamba bwawa letu lilikuwa likijazwa na mfereji, na kwamba kuchota tope kila mwaka bila kugusa chanzo chake ni kujichosha. Tulichimba shimo la kunasia mchanga mdomoni mwa mfereji, ambalo vijana wachache hulizoa kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo ninawashauri wanaotaka kuanza kazi hii wakae kwanza na vijana wanaovua, wanaochunga mbuzi na wanaochota maji ya kumwagilia bustani, kabla hata ya kuandika bajeti. Kwa hapa Tanga, tope litolewe Januari au Februari, maji yanapokuwa yamepungua na masika hayajafika. Lichotwe upande mmoja wa bwawa na upande wa pili uachwe hadi mwaka unaofuata, ili viumbe wapate pa kukimbilia. Tope hilo liachwe ukingoni siku mbili ili vilivyo hai virudi majini, halafu lipelekwe mbali, kwani likibaki hapo mvua italirudisha. Kingo ziteremke taratibu, na matete yapunguzwe tu, kwa kuwa mizizi yake ndiyo inayoushika udongo.

Kuhusu afya sina mzaha hata kidogo. Kichocho kipo ukanda huu wa pwani, na vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu aliye ndani ya maji. Asiye na mabuti marefu na glavu afanye kazi ya nchi kavu, watoto wasiingie majini kabisa, na anayeona damu kwenye mkojo aende zahanati mara moja, maana dawa ipo na inatibu.

Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji washirikishwe mapema, pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambalo Tanga imo ndani yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa, na vijana wakiijua, wanaweza kumzuia kwa hoja anayetaka kujenga au kumwaga kifusi pale.

Wasichana hawakuja mwanzoni. Tulipowauliza, walisema tunakutana saa ambayo wao wako kwenye kazi za nyumbani au madrasa. Tukahamishia kikao alasiri, wakaja. Wawili kati yao ndio wanaoshika ufunguo wa stoo ya vifaa na daftari la kina cha maji, ambalo hulijaza kila Jumamosi kwa kusoma alama za sentimita kwenye nguzo tuliyoisimamisha bwawani. Mwaka huu ni wao waliokuja kunieleza kwamba shimo la mchanga limejaa, na kwamba tayari wameshaomba makoleo kwa mwenyekiti.