Mwisho wa Novemba na familia, mi ningeenda Alentejo

Dada nimekusoma, unataka kijijini pametulia, watoto wawili na bibi yao mwenye pumu, na moyo uko kwenye milima ya Alps. Mi kwa Novemba ningeiacha, hoteli nyingi zinafungwa kusubiri msimu wa theluji na saa kumi na moja jioni giza lishaingia, watoto mtawapeleka wapi? Angalia Alentejo, Ureno. Mnashuka Lisbon mnakodi gari, mwendo wa kama saa moja na nusu mko mji wa Évora, mkitaka utulivu zaidi sogeeni kijiji cha Monsaraz. Mchana nyuzi kama 16 hivi, mvua ipo ipo, ila ndo wanavuna zeituni, wanatandaza nyavu chini ya mti wanapiga matawi kwa fimbo, watoto watafurahi balaa.

Sasa nyumba za kule ndani zinaweza kuwa baridi kuliko nje, so kabla hujalipa muulize mwenye nyumba kama vyumbani kuna hita au ni meko ya kuni tu, moshi na pumu haviendani kabisa. Bibi aonane na daktari wake kwanza. Na kama mnatokea Bongo, maombi ya viza ya Schengen (ile ya nchi za Ulaya, Ureno ikiwemo) yaingie si chini ya siku 15 kabla ya safari, ila msisubiri mpaka hapo, na bima ya matibabu ya safari isipungue euro 30,000.