Nilianguka kwenye farasi, sasa naogopa kupanda tena

Swali: Shangazi, nilianguka kwenye farasi nikavunjika mtulinga. Daktari kashasema nimepona ila nikishika hatamu tu mikono inatetemeka, nifanyeje?

Jibu: Pole sana mwanangu, wewe si mwoga, ni mwili tu bado unakumbuka. Usikimbilie kupanda. Anza chini, mpige brashi, mtembeze, mzoeane upya. Ukiwa tayari omba farasi mpole aliyekomaa, mwalimu amshike kwa kamba ndefu amzungushe mwendo wa kutembea tu, dakika 10 zatosha kabisa, ushuke ukiwa bado unafurahia. Na pumua jamani, ukibana pumzi misuli inakaza na farasi anahisi, naye anaanza kuhangaika. Halafu ile helmeti uliyoanguka nayo usiivae tena hata kama huoni ufa, nunua nyingine. Anayekuharakisha mwambie asubiri.