Uliza Tujibu: Matema inafaa kwa likizo ya familia?

SWALI: Habari za kazi dada. Niko Mafinga, mwezi wa 7 nataka niwapeleke mama na watoto wawili ziwani tukapumzike, watu wananitajia Matema ila wengine wanasema ni mbali na hakuna kitu. Kuna nini pale, historia yake ikoje, na watoto wanaweza kuogelea? – Baba wa wawili

JIBU: Nzuri kaka, wapeleke tu. Mwezi wa 7 umechagua vizuri maana Kyela, wilaya iliyopo Matema, mvua yake sio ya mchezo na huo ni wakati wa kiangazi. Mkitoka Uyole pale Mbeya mnashuka Tukuyu kwenye chai na migomba, alafu mnazidi kushuka mpaka sweta mnavua wenyewe, kutoka kama mita 1,700 za Mbeya mpaka chini ya 500 za ziwani. Matema ipo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mchanga huku, na pale mbele Milima ya Livingstone imesimama inaingia moja kwa moja majini, asubuhi ukiamka ukaiona huulizi tena kuna nini.

Historia ni ndefu kaka. Wamishionari wa Berlin waliingia Unyakyusa 1891, mwaka uleule wamishionari wa kanisa la Moravian walipofika Rungwe. Na boma la kwanza la Wajerumani huku lilikuwa ufukweni mwa ziwa hilihili, waliliita Langenburg, baadaye wakalihamishia juu wakaita Neu-Langenburg, ndo Tukuyu ya leo.

Ila mimi kinachonirudisha ni vyungu. Ng'ambo ya kona ya mlima kuna Ikombe, kina mama wa Kikisi wanafinyanga kwa mkono mtupu bila gurudumu, wanapaka nyekundu na nyeupe, alafu wanavifunga na majani makavu visigongane wanavileta kwa mtumbwi kwenye soko la Lyulilo siku ya Jumamosi. Kwa hiyo fikeni Ijumaa, msilale usiku mmoja mkakimbia. Ukichagua kigonge na kidole, kikilia kama kengele ni kizima, kikiwa bubu kina ufa, rudisha. Changu bado napikia maharage mpaka leo na utamu wake sufuria haiupati.

Kuogelea wataogelea, ila waulize wenyeji sehemu gani, msikae karibu na mto unapoingia ziwani wala kwenye matete, kuna mamba, na kichocho kipo Ziwa Nyasa hivyo baada ya wiki kadhaa wapeleke wakapimwe, hilo nakusisitiza kama dada.

Usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, mtakula mpaka mchoke, mchele ni wa Kyela wenyewe. Wakati wa kurudi chungu mama akipakate, msikiweke kwenye buti.